Upasuaji wa kupunguza uzito: Yanayomsubiri mgonjwa akirudi nyumbani

Na Mwandishi Wetu

UPASUAJI wa kupunguza uzito huchukua kati ya saa moja na tatu, na wagonjwa wengi hutoka hospitalini siku ya pili au ya tatu wakiwa wanatembea wenyewe. Kinachofuata hapo huchukua miezi mingi, na sehemu yake nyingine haina mwisho.

Kazi hiyo hufanyika nyumbani, mbali na daktari aliyeshika kisu. Kwa Watanzania wanaosafiri kwenda India kutafuta huduma hiyo, daktari huyo yuko ng’ambo ya bahari. Matatizo yakitokea, wa kwanza kuyaona ni mke, mume, mama mzazi au mganga wa zahanati ya mtaani, ambaye pengine hajawahi kumhudumia mtu aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyo. Hao ndio wanaopaswa kujua nini ni cha kawaida na nini ni cha hatari.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na unene uliokithiri. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene, waliopo mijini wakiwa wengi kuliko wa vijijini.

Si kila mnene anayestahili kupasuliwa. Mwongozo wa kimataifa uliohuishwa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake umefikia 35, au 30 na kuendelea iwapo ana maradhi kama kisukari. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 hufikia 35 akiwa na kilo 90 hivi.

Aina mbili ndizo zinazofanyika zaidi. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo ya utumbo huo. Hii huitwa upasuaji wa njia ya mchepuko. Puto linalowekwa tumboni kwa kupitishiwa mdomoni, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kutokana na huduma inayotolewa Mloganzila, si upasuaji na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Makala haya hayalihusu.

Siku za kwanza

Siku hizi upasuaji huu hufanyika kwa matundu madogo manne hadi sita tumboni. Mgonjwa hutakiwa kusimama na kutembea siku ileile, hata kama ni hatua kumi tu kutoka kitandani hadi mlangoni. Wauguzi hawafanyi hivyo kwa ukali. Damu inayotulia miguuni huweza kuganda, na pande la damu likisafiri hadi mapafuni huua haraka kuliko jambo lingine lolote katika kipindi hicho. Ndiyo sababu ya soksi za kubana na sindano za kuzuia damu kuganda, ambazo baadhi ya wagonjwa huendelea kuchomwa hata baada ya kurudi nyumbani.

Maumivu ya bega katika siku mbili tatu za mwanzo huwashangaza wengi. Husababishwa na gesi iliyotumika kulijaza tumbo wakati wa upasuaji, nayo huisha yenyewe. Mgonjwa pia huhisi uchovu usio wa kawaida, kwa kuwa mwili unaponya majeraha huku ukipata chakula kidogo mno. Kazi ya ofisini huweza kurejewa baada ya wiki mbili au tatu. Kunyanyua ndoo ya maji, gunia au mtoto aliyekwishakua kusubiri wiki nne hadi sita.

Je, kuna wanaokufa? Wapo, ingawa ni wachache kuliko watu wanavyohofia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa 4,776, ulionyesha kuwa watu watatu kati ya kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30.

Homa isidhaniwe malaria

Hatari inayohitaji macho zaidi ni kuvuja kwa mshono wa ndani. Mfuko wa chakula uliokatwa hufungwa kwa pini ndogo za chuma, na mahali pamoja pasiposhika vizuri panatosha kumwaga uchafu ndani ya tumbo. Mara nyingi hali hii hujitokeza katika siku kumi za mwanzo, yaani mgonjwa akiwa amekwisharuhusiwa, na mara chache baada ya wiki kadhaa.

Dalili zake ni mapigo ya moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto yanayoongezeka badala ya kupungua, kuhema kwa shida, na hali ya mtu kujisikia vibaya bila kuweza kueleza ni nini. Mapigo ya moyo ndiyo hutangulia. Vidole viwili vikiwekwa kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu kwa dakika moja, idadi inayozidi 120 mgonjwa akiwa amepumzika ni sababu ya kwenda hospitali kubwa usiku huohuo.

Hapa kwetu kuna mtego. Mtu mwenye homa, kutapika na mwili kulegea hupelekwa kupimwa malaria na homa ya matumbo, hupewa vidonge na kuambiwa arudi baada ya siku tatu. Kwa aliyepasuliwa wiki iliyopita, siku tatu hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kuzikwa. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini jibu lake, liwe lipo au halipo, lisimzuie mtu kwenda kwa daktari wa upasuaji.

Tatizo la aibu huongeza hatari hii. Wapo wanaoficha upasuaji wao hata kwa ndugu wa karibu, wakaaga kwamba wanakwenda safari ya biashara. Wakizidiwa, anayewapeleka hospitali hana la kumwambia daktari. Angalau mtu mmoja ndani ya nyumba anapaswa kujua kilichofanyika, na awe na namba ya simu ya hospitali husika.

Mtego wa pili ni dripu. Mgonjwa anayetapika mfululizo kwa wiki mbili au tatu humaliza akiba ya vitamini B1 mwilini, kwa kuwa akiba hiyo ni ndogo mno. Akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, sukari huimaliza hata ile kidogo iliyobaki, na ubongo huweza kudhurika moja kwa moja. Kuona vitu viwiliviwili, kuyumba wakati wa kutembea na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Sindano ya vitamini B1 ni dawa ya miaka mingi isiyo na ugumu wowote kuitoa. Kinachotakiwa ni mtu wa kukumbusha kwamba itangulie.

Uji na ugali

Chakula hurudi kwa hatua. Siku moja au mbili ni maji tu, kwa funda dogodogo. Kisha wiki mbili za vimiminika, wiki mbili za chakula kilichosagwa, wiki mbili nyingine za chakula laini, na karibu na wiki ya saba au ya nane mgonjwa hujaribu chakula cha kawaida. Hospitali hutofautiana katika siku, na anayepewa ratiba na daktari wake afuate hiyo.

Kosa la kwanza nyumbani hutokana na upendo. Uji mwepesi wenye sukari nyingi, ambao katika nyumba zetu ndio chakula cha kila mgonjwa, haumfai huyu. Kwa aliyefanyiwa mchepuko hasa, sukari humiminika kwenye utumbo mwembamba kwa kasi, na ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humkata na kuhara. Wengine, saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu hushuka ghafla wakatetemeka na hata kuzimia. Soda, juisi ya miwa na chai ya sukari nyingi hufanya vivyo hivyo, na gesi ya soda huongeza maumivu. Waliowahi kupatwa na hali hiyo mara moja huwa hawahitaji kuonywa mara ya pili.

Kinachohitajika ni protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili mwili usile misuli yake wenyewe. Yai moja lina gramu sita hivi, kikombe cha maziwa au mtindi gramu nane, na gramu 100 za samaki zina takriban 20. Supu ya kuku iliyochujwa, mtindi usio na sukari, mtori uliosagwa vizuri wenye nyama ndani, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, na baadaye samaki wa kuchemsha, vyote hupatikana sokoni bila kuagiza makopo ya unga wa protini kutoka nje.

Ugali, mkate laini, chapati na wali hushikamana na kuwa donge, na ndivyo vinavyokwama mara nyingi. Nyama choma ngumu hufuata. Wengi huvirejea baada ya miezi michache kwa matonge madogo, wengine huvikosa moja kwa moja. Kila tonge litafunwe hadi liwe kama uji, mlo uchukue dakika 20 hadi 30, na dalili ya kwanza ya kushiba iwe ndiyo mwisho. Tonge moja zaidi hurudi kama matapishi.

Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiriwa nusu saa baada ya kula, na kwa siku nzima mtu hulenga lita moja na nusu hadi mbili, funda baada ya funda. Si kazi rahisi kwenye joto la Dar es Salaam mwezi Februari, na upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hospitalini katika mwezi wa kwanza. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, maji hayatoshi. Anayetaka kufunga Ramadhani katika mwaka wa kwanza azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Wageni na wenyeji nao wana sehemu yao. Kwenye shughuli zetu, anayeacha chakula sahanini huonekana amedharau mpishi. Mama mkwe hupakua tena, shangazi husukuma sahani ya pilau na kuuliza mbona hujala. Wagonjwa husema kuwa hilo huwachosha kuliko njaa yenyewe, ambayo katika miezi ya mwanzo huwa karibu haipo kabisa.

Dawa na vidonge

Mgonjwa wa kisukari huweza kuona sukari yake ikishuka ndani ya siku chache, hata kabla uzito haujapungua. Ni habari njema yenye hatari ndani yake. Akiendelea na insulini au vidonge kama glibenklamaidi kwa kiwango cha zamani, sukari itaporomoka. Apime kila siku na dozi ipunguzwe na daktari. Wenye shinikizo la damu wanaotumia dawa za kuongeza mkojo nao huhitaji kuangaliwa upya, kwa kuwa dawa hizo zikikutana na upungufu wa maji humwangusha mtu.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo hununuliwa duka la dawa bila cheti, huleta vidonda mahali pa mshono. Aliyefanyiwa mchepuko hukatazwa asizitumie maisha yake yote, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Parasetamoli ndiyo inayobaki. Sigara huleta vidonda hivyohivyo.

Vitamini na madini ni vya maisha: vidonge vya mchanganyiko, chuma, kalsiamu, vitamini D, na B12 ambayo wengine huchomwa sindano. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, vitenganishwe kwa saa mbili. Upungufu wa B12 huja polepole, baada ya mwaka au zaidi, kwa ganzi ya miguu na kusahau, wakati mgonjwa amekwishajiona mzima na ameacha kwenda kliniki.

Kuna jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zenye dolutegraviri, ambazo ndizo zinazotolewa kwa wengi nchini, azimeze saa mbili kabla au saa sita baada ya vidonge vya chuma au kalsiamu. Madini hayo hushikamana na dawa tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kliniki anakochukulia dawa iarifiwe kuhusu upasuaji wake.

Pombe humlewesha aliyefanyiwa mchepuko haraka na kwa kiasi kidogo. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2012 kuwa matatizo ya ulevi yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, hata kwa baadhi ya watu ambao awali hawakuwa nayo.

Mwili unavyobadilika

Kwa wastani mtu hupoteza robo moja hadi asilimia 30 ya uzito wake katika miezi 12 hadi 18. Aliyeanza na kilo 130 atafikia kati ya 91 na 98 hivi. Kilo hazishuki kwa mstari ulionyooka. Karibu kila mtu huona mizani ikigoma kwa wiki mbili au tatu, mara ya kwanza mapema tu katika mwezi wa kwanza, na wengi huingiwa na hofu kuwa upasuaji umeshindwa. Haujashindwa.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hukatika kwa wingi. Mshtuko wa upasuaji na uhaba wa chakula huzipumzisha nywele nyingi kwa wakati mmoja, nazo huota tena mtu akipata protini na chuma vya kutosha. Kusuka kwa kubana katika kipindi hicho huzidisha hali. Kupungua kwa kasi huweza pia kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo, na baadhi ya madaktari hutoa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula mafuta yasipuuzwe.

Kwa wanawake, uzazi huweza kurejea haraka, hata kwa waliokaa miaka bila hedhi ya kueleweka. Wataalamu hushauri mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango huweza visitegemewe baada ya mchepuko, hivyo kipandikizi au kitanzi ni bora zaidi. Atakayepata mimba awaambie wauguzi wa kliniki mapema, kwa sababu kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi kinaweza kumwangusha pale kwenye benchi.

Ngozi hulegea tumboni, mikononi na mapajani. Mazoezi hukaza misuli, lakini hayairudishi ngozi iliyokwishanyooka. Na kuna maneno ya watu. Katika jamii ambayo kitambi kilihesabiwa kuwa ni shibe na heshima, mtu anayepungua kilo 30 kwa nusu mwaka hunong’onezwa kuwa ameathirika au ana kansa. Wapo wanaojifungia ndani kwa sababu hiyo. Wengine hukasirika kusifiwa na watu waliokuwa hawawasalimii walipokuwa wanene. Yote mawili ni sehemu ya kupona, na hospitali nyingi hazina mtu wa kuyazungumza.

Kilo huweza kurudi. Diego Maradona, ambaye mashabiki wa kandanda hawahitaji kutambulishwa kwake, alifanyiwa mchepuko huko Cartagena, Colombia, Machi 2005, akapungua sana na mwaka huohuo akaendesha kipindi chake cha televisheni. Mwaka 2015 alirudi tena kwenye chumba cha upasuaji, safari hii Maracaibo, Venezuela. Lakini yeye si kipimo cha wote. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kuwa waliofanyiwa mchepuko walikuwa wamepungua kwa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka kumi walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Vifo miongoni mwa waliopasuliwa vilikuwa vichache kuliko miongoni mwa wenzao wanene ambao hawakupasuliwa.

Wanaokwenda nje ya nchi wasikimbilie ndege. Kukaa saa nyingi kwenye kiti chembamba huongeza hatari ya damu kuganda, na siku za kuvuja kwa mshono ni zilezile za mwanzo. Madaktari wengi huwataka wabaki karibu na hospitali kwa takriban wiki mbili. Kabla ya kuondoka wadai ripoti kamili ya upasuaji, inayoeleza aina yake na kilichokatwa, pamoja na orodha ya dawa. Ripoti hiyo ipigwe nakala mbili, moja ibaki kwa ndugu anayejua siri, nyingine apelekewe daktari wa hapa atakayepima damu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na baada ya hapo kila mwaka.